Mafuta ya Turkana: nta hula kwanza

Uzi mfupi. Kila msimu wa siasa swali ni lile lile: mafuta ya Turkana yalipatikana 2012, pesa ziko wapi? Mimi ni wa Mabanga. Mwaka 2018 malori yalianza kuyabeba kutoka Lokichar, yakipitia Kitale kwenda Mombasa, na tangu hapo kila mtu hapa kwetu ana mwizi wake wa kumtaja. Wangu simtaji. Turudi nyuma kidogo.

Mamilioni ya miaka iliyopita, pale Lokichar ambapo leo mbuzi anahangaika kutafuta kivuli, palikuwa na ziwa kwenye bonde la ufa. Mwani ulikufa ukazama. Huko chini hakukuwa na oksijeni, kwa hivyo haukuoza wote. Ukafukiwa na tope, tope likawa mwamba, joto la ardhini likaupika mpaka ukatoa mafuta. Mafuta ya ziwa la aina hiyo huwa na nta nyingi. Haya yakipoa chini ya nyuzi 40 hivi yanaganda, kama yale mafuta ya kupikia ya mgando asubuhi ya baridi.

Na si 2012 ndio tulijua. Shell walichimba kisima cha Loperot-1 mwaka 1992, wakakuta mwamba huo wa ziwa na mafuta kidogo yenye nta. Wakaenda zao. Miaka 20 baadaye Tullow wakachimba Ngamia-1, upande mwingine wa bonde.

Jirani zetu Uganda wana nta hiyo hiyo kule Ziwa Albert. Ndio maana bomba lao la kwenda Tanga, kilomita 1,443, limeundwa la kupashwa moto. Sisi tulitumia malori, matangi yamefunikwa yasipoe. Agosti 2019 mzigo wa kwanza, mapipa 200,000, ukauzwa dola milioni 12 hivi. Watu wakashangilia hiyo 12. Gharama ya kuyafikisha Mombasa waliuliza wachache.

Sasa sheria ya petroli ya 2019: kaunti asilimia 20, jamii asilimia 5. Lakini soma vizuri jameni. Hiyo ni ya fungu la serikali kwenye faida, na kabla ya faida kampuni hurudishiwa gharama zake.

Kwa hivyo mtu akiahidi jamii asilimia 10 badala ya 5, muulize: ya nini, kabla ya kuyapasha moto ama baada? Mimi nilimuuliza mmoja mkutanoni hapa Bungoma. Akaanza kuongea juu ya bei ya mahindi.