Fahamu Mgawanyo wa Haki wa Uwezo wa Mtandao wa Kompyuta

Kila laini ya intaneti ina kikomo cha data inayoweza kupita kwa sekunde moja. Mahitaji ya watumiaji yanapozidi kikomo hicho, pakiti za data hupanga foleni kwenye ruta. Foleni ikijaa, zinazofuata hutupwa. Hapo ndipo huamuliwa iwapo fomu ya mwananchi itafika kwa wakati au itakwama wakati mtumiaji mwingine akipakua filamu.

Madhara ya kukosa utaratibu yalidhihirika nchini Marekani mwezi Oktoba 1986. Kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, zilizotengana kwa chini ya mita 400, kasi ilishuka kutoka biti 32,000 hadi biti 40 kwa sekunde. Kompyuta zilikuwa zikituma upya pakiti zilizodhaniwa kupotea, na kila marudio yakazidisha msongamano. Mwaka 1988 Van Jacobson wa maabara hiyo alichapisha suluhisho: kompyuta iongeze kasi kidogo kidogo, na ipunguze kwa kiasi kikubwa mara inapobaini kuwa pakiti imepotea. Utaratibu huo uliingizwa katika itifaki ya TCP.

Kuzuia msongamano ni jambo moja, kugawa kwa haki ni jingine. Ichukuliwe laini ya megabiti 10 kwa sekunde inayotumiwa na watu watatu wanaohitaji megabiti 2, 4 na 10. Wakigawiwa sawasawa, kila mmoja hupata 3.3, wa kwanza hubaki na ziada isiyotumika, ilhali wa pili hupungukiwa. Kanuni inayopendelewa na wataalamu wengi humtosheleza kwanza mwenye hitaji dogo, kisha kinachobaki hugawanywa kwa wengine. Hivyo hupata 2, 4 na 4, wala hakuna kinachopotea.

Ugumu uko katika nani ahesabiwe. TCP husawazisha miunganisho, si watu. Programu inayofungua miunganisho 20 yaweza kupata takriban mara 20 ya ile yenye muunganisho mmoja, masharti mengine yakiwa sawa. Mwaka 1985 John Nagle alipendekeza ruta itenge foleni kwa kila chanzo na kuzihudumia kwa zamu. Mwaka 1989 Demers, Keshav na Shenker waliboresha wazo hilo kwa kuhesabu ukubwa wa data badala ya idadi ya pakiti, kwa kuwa mwenye pakiti kubwa alikuwa akinufaika isivyo halali.

Kununua laini kubwa zaidi, hatua ambayo ofisi nyingi huikimbilia kwanza, hakuondoi kasoro hiyo: programu yenye miunganisho mingi huchukua sehemu kubwa ya nyongeza vilevile. Ruta nyingi za sasa zina uwezo wa kutenga foleni, ila mara nyingi msimamizi wa mtandao hulazimika kuuwasha na kuchagua iwapo zamu itahesabiwa kwa muunganisho au kwa kila kifaa.