Dawa Kabla ya Kisu



Bila shaka umewahi kumwona mzee akishuka baraza kwa taabu, mkono kiunoni, nyonga zimekwisha. Zamani mtu kama huyo hakuwa na lake ila kuvumilia. Mwaka 1962, huko Wrightington, Uingereza, mpasuaji John Charnley alianza kuwatia wagonjwa nyonga ya bandia iliyodumu: kichwa cha chuma ndani ya kikombe cha plastiki, vimeshikwa kwa saruji ya mifupa. Watu wakatembea.

Lakini furaha ilikuwa na doa. Siku zile za mwanzo, kama wagonjwa 7 katika kila 100 walitunga usaha. Na usaha huo si jipu la kutumbuliwa likapoa. Chuma hakina damu. Vijidudu hung'ang'ania juu yake, na mara nyingi hapana budi kiungo king'olewe.

Charnley aliilaumu hewa. Akajenga chumba cha hewa iliyochujwa, akawavika wasaidizi wake mavazi ya kuzuia hata pumzi zao. Kufikia mwaka 1970 walioambukizwa walikuwa chini ya 1 katika 100, wala dawa hakuzitegemea. Ama Buchholz, huko Hamburg, yeye alichanganya antibayotiki ndani ya saruji yenyewe. Nani alikuwa na haki? Mwaka 1982 Lidwell na wenzake walitoa hesabu ya operesheni zaidi ya 8,000: hewa safi ilipunguza maambukizo kwa nusu au zaidi, na waliopewa antibayotiki walisalimika zaidi. Kumbe kinga moja haiifukuzi nyenzake.

Sasa zingatia wakati. Mwaka 1961 John Burke wa Boston alionyesha kwa wanyama wa maabara kwamba dawa hufaa zaidi ikiwamo mwilini kabla vijidudu havijaingia. Ikichelewa saa 3 haizuii kitu. Ndiyo maana leo sindano hupigwa kabla ya kisu, aghlabu ndani ya saa moja. Na mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani liliusia kinga hiyo isiendelezwe baada ya operesheni kwisha.

Basi ukimpeleka mzazi wako, usimng'ang'anie daktari akupe vidonge vya wiki nzima. Dawa isiyo na haja huvifundisha vijidudu ukaidi, na kesho mwenye haja huikosa. Mwambie, badala yake, kama mzee ana kidonda, jino bovu, kisukari, au penisilini humdhuru. Hayo ndiyo ya kusemwa mapema. Ufa huzibwa ukuta ungali umesimama.