Turbo ya silinda nne au silinda sita bila turbo? Ushauri niliompa baba mdogo

Miaka mitatu iliyopita baba yangu mdogo, anayeishi Mugumu, aliuza ng'ombe kumi na mmoja ili anunue gari. Alitaka gari la kuvuta matairi yote manne. Msimu wa utalii libebe wageni kwenda hifadhini, na msimu ukiisha libebe watu na mizigo kati ya Mugumu na Tarime. Alikuwa ameonyeshwa magari mawili ya dizeli yaliyotumika. Moja lilikuwa na injini ya silinda nne yenye turbo, lingine silinda sita, injini kubwa, bila turbo. Bei zilikaribiana. Akanipigia simu: "Mwanangu, wewe ndiye umesomea injini. Nichukue lipi?"

Nilimjibu bila kusita kwamba achukue la turbo. Nilikuwa nimetoka kumaliza somo la injini muhula ule ule, na hesabu zote zilikuwa upande wangu. Ngoja nikuonyeshe hesabu zenyewe kwanza, kwa sababu hazikuwa na kosa.

Anza na hewa. Injini haichomi mafuta peke yake, inachoma mafuta pamoja na hewa, na nguvu yake inategemea ni hewa kiasi gani imeingia kwenye silinda. Ukitaka hewa nyingi una njia mbili. Ya kwanza ni kuongeza ukubwa: silinda sita badala ya nne, lita nne na ushee badala ya mbili na nusu. Ya pili ni kuisukuma hewa iingie. Turbo ni feni mbili kwenye mhimili mmoja. Moshi wa ekzosi unazungusha feni ya kwanza, na ya pili inaikandamiza hewa safi kwenda kwenye silinda. Yaani moshi uliokuwa unakwenda kupotea, unapewa kazi.

Sasa ongeza mwinuko. Mji wa Tarime uko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa pale ni takriban asilimia 85 ya ule wa Dar es Salaam. Ukiwatoa wageni Serengeti kwenda Arusha unapita ukingo wa Ngorongoro, karibu mita 2,300, na huko umebakiwa na kama robo tatu tu. Injini isiyo na turbo inaivuta hewa hiyo nyepesi kama ilivyo. Umewahi kuona lori la zamani likipanda mlima huku likitema moshi mweusi tii? Mara nyingi pampu yake inatoa mafuta kwa kipimo cha pwani, lakini hewa ya kuyachoma yote haipo. Turbo inaziba sehemu kubwa ya pengo hilo.

Na hili si jambo la jana. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alipata hataza ya wazo la turbo mwaka 1905. Mwaka 1918 Mmarekani Sanford Moss alipandisha injini ya ndege ya Liberty, yenye silinda 12, hadi kileleni Pikes Peak huko Colorado, mita 4,300 hivi, akaiwasha ikiwa na turbo. Ikatoa nguvu ile ile iliyokuwa ikitoa chini kwenye hewa nzito, hata ikazidi kidogo. Kwa fizikia tupu, turbo ni mali ya watu wa milimani, na sisi wa Tarime tumo.

Silinda sita nayo ina sifa yake, na siyo ukubwa tu. Pistoni sita zikipangwa kwenye mstari mmoja, mitikisiko yao inafutana karibu yote. Kwenye silinda nne unabaki mtikisiko unaokuja mara mbili kila krenkishafti inapozunguka mara moja. Ndiyo maana sita ya mstari huunguruma kwa utulivu. Lakini utulivu haununui mafuta, nikajiambia, na injini kubwa hunywa.

Kilichonipa kiburi zaidi ni mashindano ya magari. Kama hoja yangu ingehitaji shahidi wa Afrika Mashariki, Safari Rally ilikuwepo. Mashindano haya yalianza mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, na miaka ya mwanzo yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Tope, vumbi, mwinuko, mawe: mtihani uleule ambao barabara zetu zinampa dereva kila siku.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 silinda sita iling'ara. Datsun 240Z, yenye injini ya silinda sita za mstari na lita 2.4, ilishinda mwaka 1971 mikononi mwa Edgar Herrmann. Mwaka 1973 ikashinda tena mikononi mwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Ila ushindi huo wa 1973 una kichekesho chake. Mehta alimaliza akiwa na pointi za adhabu sawasawa na Harry Källström, ambaye naye aliendesha Datsun, lakini ya silinda nne na bila turbo. Ilibidi kanuni ya kuvunja sare itumike. Baada ya maelfu ya kilomita, sita na nne zilikuwa hazijaachana hata pointi moja!

Kisha ikaja turbo. Toyota ilileta Celica Twincam Turbo, silinda nne, lita mbili na kidogo. Björn Waldegård akashinda nayo mwaka 1984, Juha Kankkunen 1985, Waldegård tena 1986. Magari ya Kundi B yalipopigwa marufuku, Toyota ikajaribu Supra ya silinda sita na lita tatu, na mwaka 1987 Lars-Erik Torph akashika nafasi ya tatu. Haikukaa sana. Pasaka ya 1990 Waldegård akashinda na Celica GT-Four, silinda nne, turbo. Kuanzia 1992 hadi 1995 Celica za aina hiyo zikashinda mfululizo. Ukisoma orodha hiyo haraka, kama nilivyoisoma mimi, unaona kesi imekwisha.

Lakini hebu rudi kwenye mwaka 1990, maana kuna jambo nililipita. Januari ya mwaka huohuo, kampuni ileile ya Toyota ilianza kutengeneza injini ya dizeli iitwayo 1HZ: silinda sita za mstari, sentimita za ujazo 4,164, hakuna turbo. Ndiyo injini ya ile Land Cruiser tunayoiita mkonga kwa sababu ya bomba lake la hewa linalopanda pembeni ya kioo. Mainjinia walioshinda Safari kwa turbo walijua fika turbo inaweza nini. Hata hivyo, gari walilotaka liende hospitali za misheni, migodini, jeshini na kwenye hifadhi za wanyama walilipa sita isiyo na turbo. Na zaidi ya miaka 30 baadaye wangali wanaiuza kwetu.

Tofauti haikuwa barabara. Tofauti ilikuwa nani anasubiri mbele ya barabara. Gari la mashindano lilikuwa na mafundi wanaolingoja kila kituo, vipuri vipya, mafuta yaliyobebwa na timu yenyewe, na helikopta juu. Injini yake ilitakiwa iishi siku chache tu. Dereva wa Kogatende anayevusha wageni kwenda kutazama nyumbu Mto Mara hana helikopta. Injini yake inatakiwa iishi mpaka mtoto amalize chuo.

1HZ inatoa kama Nm 285 za nguvu ya kuzungusha, kiasi kidogo kwa mwili wake. Chuma kingi, kazi ndogo, kwa hiyo joto na mkazo vinabaki chini. Pampu yake ni ya kimakanika, na fundi mwenye uzoefu anaielewa bila kompyuta. Si malaika, lakini. Ina mkanda wa kubadilishwa kila kilomita 100,000 hivi, na ukisahau ukakatika, utalia.

Hapo ungeweza kudhani kwamba turbo ndiyo mbaya. Hapana. Chukua Land Rover Defender ya 300Tdi, iliyotoka mwaka 1994: silinda nne, lita 2.5, turbo, nayo inatoa Nm 265. Karibu sawa na Toyota yenye injini kubwa mno kuizidi! Nyingi zilizeekea kwetu huku, kwa sababu pampu yake nayo ilikuwa ya kimakanika. Mpaka hapo turbo na fundi wa kijijini walikuwa wanaelewana.

Kilichobadilika ni mafuta yanavyoingizwa kwenye silinda. Dizeli za kisasa hutumia kompyuta na reli moja inayolisha nozeli zote kwa mgandamizo unaozidi baa 1,500. Mianya ndani ya nozeli hizo ni myembamba kuliko unywele, na kinachoilainisha ni dizeli yenyewe. Sasa kumbuka historia yetu ya mafuta. Neno uchakachuaji halikushika kasi bure. Mafuta ya taa yalikuwa na kodi ndogo, watu wakayachanganya kwenye dizeli, na mafuta ya taa hayalainishi kama dizeli. Mwaka 2010 EWURA ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta ili kuwanasa wachakachuaji, na mwaka 2011 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa. Mwaka 2015 nchi za Afrika Mashariki zikaanza kutumia kiwango cha dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni. Hatua nzuri zote. Ila kiwango kinaandikwa mjini, na dizeli ya kwenye pipa inauzwa kijijini.

Gari la baba mdogo lilikuwa la aina hiyo: turbo, reli, kompyuta. Lilitembea miezi saba. Lilipanda Tarime kama swala, na kila mara alinipigia kunisifu. Mwezi wa nane, katikati ya msimu, likazima njiani kati ya Nyamongo na Mugumu. Pampu ilikuwa imelika, ikamwaga chembe za chuma hadi kwenye nozeli zote nne. Fundi wa kwanza hakuwa na kifaa cha kuisoma kompyuta. Wa pili alikuwa Mwanza. Vipuri vilichukua wiki sita, wageni wakachukuliwa na watu wengine, na gharama ilikula ng'ombe wengine wanne. Hakunilaumu. Alisema tu, "Hesabu zako zilikuwa nzuri, mwanangu." Ningependa angegomba.

Hesabu zangu zilipima hewa, mwinuko na nguvu. Hazikuwa na nafasi ya kuandika umbali wa fundi wala pipa la dizeli limetoka wapi.

Baadaye aliliuza akatafuta mkonga ya zamani yenye 1HZ. Inapanda taratibu, inatoa moshi, inakunywa, na anailalamikia kila akitoka sheli. Mwezi uliopita alinipigia tena. Amesikia kwamba tangu 2023 Toyota inaziwekea hata mkonga injini ya lita 2.8, silinda nne, turbo, Nm 500. Dereva mmoja hifadhini alimsimulia inavyovuta. Akaniuliza nasemaje.

Safari hii sikumjibu. Nilimuuliza huwa anajaza mafuta wapi. Akanitajia vituo viwili vya mjini. Nikamuuliza, na vikikauka? Akanyamaza kidogo, akasema yuko kwenye mtandao mbaya, atanipigia jioni.