Pikapu ya kuvuta tela: petroli au dizeli

Pikapu ya kuvuta tela ni gari la mizigo lenye bodi wazi nyuma, chasisi nzito na ndoano ya kufungia tela, linalotakiwa kubeba na kuvuta kwa wakati mmoja. Nchini Marekani magari ya namna hii ni makubwa, kama Ford F-250, Chevrolet Silverado 2500 na Ram 2500, na mnunuzi huchagua kati ya injini ya petroli ya silinda nane na ya dizeli yenye turbo, ambayo humwongezea maelfu ya dola kwenye bei. Tanzania swali hilo huulizwa juu ya magari madogo zaidi: Toyota Hilux, Isuzu D-Max, Ford Ranger, na Land Cruiser za familia ya 70, ambazo wengi huziita mkonga kwa sababu ya bomba la hewa linalopanda ubavuni hadi usawa wa paa.

Tuchukue mfano wa Lagangabilili, makao makuu ya Wilaya ya Itilima, iliyomegwa kutoka Bariadi mwaka 2012, mwaka uleule Mkoa wa Simiyu ulipoanzishwa. Ni nchi ya pamba, dengu, choroko na mifugo. Tela la pikapu huku lina kazi ya kubeba tangi la maji, mifuko ya mbegu, ng'ombe wa mnadani au mashine ya kupukuchua mahindi. Pamba mbegu yenyewe, soko linapofunguliwa, ni kazi ya malori. Anayenunua pikapu akidhani itachukua nafasi ya Fuso amekosea kabla hajalipa.

Nguvu ya kuvuta

Injini ya petroli huwasha mafuta kwa cheche ya plagi. Ya dizeli haihitaji cheche: hubana hewa mara 16 hadi 22, hewa ikapata joto, na mafuta yakawaka yenyewe pindi nozeli inapoyanyunyiza. Mjerumani Rudolf Diesel alifanikisha injini ya namna hii mwaka 1897. Kubana huko ndiko kunakoipa ufanisi, tena lita moja ya dizeli ina nishati zaidi ya lita ya petroli kwa zaidi ya asilimia 10. Ndiyo maana pikapu ya dizeli ikiwa na mzigo hutumia mafuta pungufu kwa robo hivi ukilinganisha na ya petroli.

Kwa mvuta tela, namba ya kuangalia si nguvu za farasi. Hilux ya petroli ya lita 2.7 ina nguvu za farasi zipatazo 164, na ile ya dizeli ya lita 2.8 iliyotoka mwaka 2015 ilikuwa na 177. Ukiishia hapo utasema zimelingana. Lakini nguvu ya kusokota kranki, ambayo ndiyo inayong'oa tela pale liliposimama, ni nyutoni mita 245 kwa petroli, tena mpaka injini ifike mizunguko 4,000 kwa dakika. Dizeli hiyo yenye gia otomatiki ilitoa 450, kuanzia mizunguko 1,600 tu. Dereva wa petroli atakanyaga mpaka injini ilie na klachi inuke. Wa dizeli ataondoka polepole kama maksai kwenye plau.

Mwinuko nao una neno. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na Itilima, ambayo maji yake hushuka kuelekea ziwani, iko juu zaidi. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 za kupanda, kwa hiyo hapa imepungukiwa zaidi ya sehemu ya kumi, iwe ya petroli au ya dizeli. Turbo hufidia sehemu kubwa ya upungufu huo.

Tope

Wasukuma, wenyeji wa huku, hutofautisha luseni, udongo wa kichanga wa miinuko, na mbuga, udongo mweusi wa mabondeni unaopasuka wakati wa kiangazi na kunata masika. Kwenye mbuga iliyolowa, ubishi wa petroli na dizeli hauna maana: gurudumu likishateleza, nguvu nyingi hulichimbia tu shimo. Kinachookoa ni tairi zenye meno, magurudumu yote manne yanayovuta na difu inayoweza kufungwa. Dizeli ina unafuu mmoja kwenye maji, kwa kuwa haina mfumo wa cheche wa kuzimwa na unyevu. Ikiyavuta maji ndani ya silinda, hata hivyo, huharibika vibaya zaidi, kwani hubana kwa nguvu zaidi na maji hayabaniki. Mkonga si pambo.

Mafuta na fundi

EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo za mafuta Jumatano ya kwanza ya kila mwezi. Petroli na dizeli huachana kidogo, na kuna miezi dizeli hupita petroli; faida ya dizeli inatokana na lita zinazookolewa, si na bei ya pampu. Vijijini bodaboda zimefanya petroli ipatikane kwenye chupa kando ya njia, ilhali mwenye dizeli hana budi kujaza tanki kabla ya kutoka mjini.

Hatari kubwa ni mafuta machafu. Serikali ilianza kuweka vinasaba vya kugundua uchakachuaji kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka 2011 ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa, yaliyokuwa yakichanganywa kwenye dizeli kwa sababu ya urahisi wake. Hapa ndipo dizeli inapogawanyika kuwa aina mbili, na mgawanyiko huu una uzito kuliko ule wa petroli na dizeli. Injini ya 1HZ ya Land Cruiser, lita 4.2, silinda sita, bila turbo, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1990, hutoa nyutoni mita 285 tu kwa mizunguko 2,200. Kwa namba hizo imepitwa hata na Hilux ndogo ya dizeli. Lakini pampu yake ni ya chuma na springi, na fundi pampu wa mjini anaifungua. Dizeli za kisasa husukuma mafuta kwa mgandamizo unaozidi mara 1,600 ule wa hewa. Maji kidogo kwenye dumu yanatosha kuua nozeli zote. Zilizotumika Japani au Ulaya huja pia na chujio la masizi, ambalo huziba gari likizungukia sokoni tu bila safari ndefu.

Tela lenyewe

Wanunuzi wengi hubishana juu ya injini na kusahau breki. Watengenezaji huruhusu pikapu nyingi kuvuta kilo 750 tu ikiwa tela halina breki zake, ingawa gari hilohilo laweza kuvuta hadi kilo 3,500 tela likiwa nazo. Tangi la maji la lita 1,000 kwenye tela lisilo na breki limeshavuka kikomo hicho, injini iwe yoyote. Karibu asilimia 10 ya uzito wa tela ikae kwenye ndoano. Ikipungua sana, tela huyumba.

Anayevuta mara kwa mara, mwaka mzima, achukue dizeli: yenye pampu ya zamani kama anaishi mbali na gereji, ya kisasa kama anajaza kituo kinachoaminika na kubadili filta kwa wakati. Anayefunga tela mara chache kwa msimu, na siku nyingine anakwenda Bariadi na kurudi, petroli inamtosha, na fedha iliyobaki aitumie kufunga breki kwenye tela.