Kazi, mapumuziko na kujitunza: wenye kontra na wasio nayo

Katika Kongo, sheria inapima kazi kwa saa. Kodi ya kazi, ndio sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inasema mufanyakazi hapashwi kupitisha saa 9 kwa siku wala saa 45 kwa juma. Akipitisha, saa zile zinalipwa zaidi: asilimia 30 juu ya saa 6 za kwanza za juma, asilimia 60 juu ya zile zinazofuata, na mara mbili kama alitumika siku yake ya mapumuziko. Siku ile kwa kawaida ni siku ya Mungu. Kisha kuko konje ya mwaka. Mutu muzima anapata angalau siku 1 ya kazi kwa kila mwezi aliotumika, na siku 1 inaongezeka kila miaka 5 anayoendelea pale pale. Mwanamuke anayezaa ana haki ya majuma 14, na akirudi kazini akiwa bado ananyonyesha, anapewa nusu saa mara mbili kwa siku.

Mwenye kunyimwa haki hizo anaenda kwanza kwa enspekta wa kazi. Tribinali haipokei mashitaka ya mufanyakazi mbele enspekta hajajaribu kuwapatanisha na mukubwa wake. Afazali kufika na karatasi mukononi: kontra, fishi ya mushahara, hata kadaftari ambamo aliandika saa alizoingia na alizotoka.

Ila pale Goma, Bukavu, Butembo, Bunia ao Uvira, mwenye kontra si mutu wa kila nyumba. Motari, kambisti, mama wa soko, kijana wa chukudu, mama anayebeba mizigo mugongoni: hawa hawana enspekta. Siku wasipotoka, jioni sufuria haipandi kwenye moto. Ukimwambia motari ambaye kila jioni anapeleka pesa kwa mwenye pikipiki kwamba apumuzike, atakuuliza nani atalipa pahali pake. Swali ni la haki, na mashauri mengi juu ya mapumuziko yanalikimbia.

Mwili nao unafanya hesabu yake. Mwaka 2021, Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitoa uchunguzi kuonyesha kwamba kutumika saa 55 ao zaidi kwa juma kunaongeza hatari ya stroke kwa asilimia 35, na hatari ya kufa na ugonjwa wa moyo kwa asilimia 17, ukilinganisha na mutu wa saa 35 mupaka 40. Mutu anayefungua kibanda saa 12 ya asubuhi na kukifunga saa 1 ya jioni, siku 6, anafikia saa 78. Hapo siku ya Mungu haijahesabiwa.

Wengi hawapumuziki, wananyamazisha mwili tu. Wabebaji wanameza diclo asubuhi ili mugongo usiseme. Maumivu yanapungua, ni kweli, lakini yule anayeimeza kila siku bila muganga anaumiza tumbo na figo, na dawa ile inaweza kupandisha tansio. Jioni inakuja kasiksi ao chupa nyingine kali. Pombe inaleta usingizi haraka lakini inauvunja katikati ya usiku, na mutu anaamka bado amechoka. Mutu muzima anahitaji angalau saa 7 za kulala, na chupa haiwezi kuzitoa.

Kwa wamama mambo ni mazito zaidi. Mama akitoka soko, kazi ya pili inamungojea: maji, makala, sombe ya kutwanga, bukari, nguo za watoto. Bwana yeye "amechoka", anakaa. Nyumba ambamo kijana anachota maji sawa na dada yake, na ambamo baba anaosha watoto, mama anapata saa moja ya kukaa bila kuulizwa kitu. Saa hiyo hailipwi na mutu, hainunuliwi. Inatoka tu katika kugawanya kazi, na hapo ndipo jamaa nyingi zingeanza mbele ya kutafuta dawa za nguvu.

Pesa pia inaweza kutayarisha mapumuziko. Katika likelemba, siku ya zamu mutu anaweza kukaa siku mbili bila njaa. Vikundi vya AVEC, mbali na akiba na mikopo, vina mufuko wa kusaidiana kwa ugonjwa ao kilio. Wanachama wanaweza kupatana kwamba mama aliyezaa asirudi na muzigo mbele ya majuma fulani. Si konje ya sheria, lakini inafanana nayo.

Juu ya kujifurahisha, hakuna haja ya mambo makubwa. Mupira wa siku ya Mungu asubuhi, korali, kutembelea rafiki. Shirika la Afya linaomba angalau dakika 150 za kutembea kwa nguvu kila juma. Kijana wa chukudu anazipitisha, ila kambisti anayekaa kwenye kiti siku nzima anazihitaji. Na kwa heshima yote: mwenye repetisio siku ya posho, ibada na mikutano mitatu siku ya Mungu, amebadilisha kazi tu.

Tansio ya juu mara nyingi haionyeshi kitu. Kipimo cha 14 kwa 9 ao zaidi, kikirudi siku mbili tofauti, kinahitaji muganga, hata kama kichwa hakiumi. Na yule ambaye majuma mawili halali vizuri, hafurahii kitu ao analia ovyo, hajakuwa muvivu. Kituo cha afya kinaweza kumutuma kwa wenye kutunza akili, kama SOSAME kule Bukavu ao Tulizo Letu kule Goma. Ni vizuri mutu wa jamaa amusindikize.