Miwani ya gemu, bati za Ngamiani na kidude cha Mjomba

Najua nimepotea kidogo. Si kwa ubaya, ni mambo yale yale ya kubeba boksi, ukirudi nyumbani huna hamu hata ya kuwasha kompyuta. Lakini wiki hii imebidi niandike, maana habari zangu zimefika Tanga kabla yangu.

Shangazi alinipigia simu Jumapili. Baada ya salamu akaniuliza, "Nasikia unataka kumnunulia mwanao miwani ya milioni, na huku bati za nyumba ya mama yangu zinavuja?" Nikaduwaa. (Aliyepeleka umbea namjua, tutaonana!) Sikuwa na jibu zuri siku ile. Leo ninalo, ila ni refu kidogo, kwa hiyo vuteni viti.

Ni kweli, kijana wangu wa miaka 13 anataka miwani ya VR, yaani ile ya uhalisia pepe. Unaivaa usoni, inakufunika macho yote mawili, unajiona uko ndani ya gemu. Ukigeuza kichwa, na dunia ya mle ndani inageuka. Sisi tunayo PlayStation 4, tuliinunua mkononi kwa mtu. Yeye anataka PS VR2, ambayo ilitoka Februari 2023 kwa dola 550 za Kimarekani. Hiyo peke yake ni zaidi ya milioni ya nyumbani, na haifanyi kazi na PlayStation 4, kwa upande wa PlayStation lazima ununue na PlayStation 5. Kwa hiyo Shangazi hesabu zako zilikuwa ndogo!

Kwa wasiojua tunakoishi: St. James Town ni mtaa wa maghorofa marefu yaliyobanana katikati ya Toronto. Yalijengwa miaka ya 1960 kwa ajili ya vijana wa tabaka la kati, sasa tumejaa wahamiaji, Wafilipino, Wanepali, Watamil, na sisi watu wa Afrika Mashariki tumo. Sebule yetu ukipiga hatua nne umefika ukutani. Nikajiuliza, mtu akijifunika macho humu ndani, sisi wengine tufanye nini? Tumtazame tu anavyopapasa hewa?

Basi nikaanza kusoma historia ya hivi vidude, usiku baada ya zamu. Nilichokikuta kimenishangaza. Nilidhani ni mambo ya juzi, kumbe umri wake unakaribia miaka 190.

Mwaka 1838 Mwingereza mmoja, Charles Wheatstone, alieleza mbele ya wanasayansi wa London kwa nini Mungu katupa macho mawili. Kila jicho linaona picha tofauti kidogo na mwenzake, ubongo unaziunganisha, ndipo tunapata kina, karibu na mbali. Akatengeneza chombo cha vioo, kila jicho likapewa mchoro wake, na michoro ile bapa ikainuka kama vitu halisi. Akakiita stirioskopu. Mwaka 1838 picha za kamera zilikuwa bado hazijatangazwa hadharani! Miwani anayoitaka mwanangu inafanya jambo lile lile, picha mbili kwa macho mawili. Tofauti ni kwamba sasa picha zinakwenda, na zinafuata kichwa chako.

David Brewster akaja na kisanduku cha lenzi mwaka 1849, Malkia Victoria akakipenda alipokiona kwenye maonyesho makubwa ya London ya mwaka 1851, na watu wakaanza kununua. Mwaka 1861 daktari wa Kimarekani, Oliver Wendell Holmes, akabuni cha mbao, chepesi na cha bei nafuu, na kwa makusudi hakukiwekea hakimiliki, kila fundi aige. Kikaingia sebule za watu wa kawaida. Mgeni akija anapewa atazame, akimaliza anampa wa pembeni, huku wanasimuliana walichokiona. Mwaka 1939 ikaja View-Master ya Wamarekani, ile ya kisahani cha duara chenye picha ndogo ndogo.

Hapo ndipo nilipomkumbuka Mjomba.

Wale wa rika langu wa barabara ya kumi na mbili mnakumbuka Mjomba aliporudi Hijja mwaka 1987. Alileta zamzam, tende, tasbihi, na kile kidude cha plastiki chenye umbo la televisheni. Unachungulia kwenye tundu, unabonyeza, inakuja picha ya Kaaba, unabonyeza tena, inakuja Madina. Kilikuwa na tundu moja tu, kwa hiyo Wheatstone angesema hakina kina chochote. Lakini Bibi alikishika akakaa nacho kimya, midomo inacheza, tukajua anasoma dua. Halafu akaanza kutusimulia anachokiona, "hawa hapa wanazunguka, wengi kama siafu." Sisi watoto tumepanga foleni mkekani tunagombania zamu. Bibi hakujaaliwa kwenda Hijja mpaka alipofariki. Safari yake ilikuwa ile, na tulisafiri naye wote, ingawa tundu lilikuwa moja.

Sasa turudi kwenye historia, maana baada ya hapo mambo yalibadilika. Mwaka 1968 Ivan Sutherland kule Marekani alitengeneza chombo cha kuvaa kichwani kilichoungwa na kompyuta, kizito mpaka kikaning'inizwa darini. Kuanzia hapo mtu anaingia ndani peke yake. Miaka ya 1990 kampuni za gemu zikataka kutuletea majumbani. Sega walionyesha yao mwaka 1993, haikufika dukani. Nintendo walitoa Virtual Boy mwaka 1995 kwa dola 180, iliyobuniwa na Gunpei Yokoi, bwana yule yule aliyetupa Game Boy. Picha nyekundu na nyeusi tupu, unainamia meza kama unapima macho hospitali, watu wakalalamika kichwa kinauma. Haikumaliza hata mwaka mmoja sokoni. Mimi naongeza sababu yangu: aliyekaa pembeni hakuona kitu. Kidude cha Mjomba walau ulikitoa usoni ukampa mwenzio kwa sekunde moja.

Kisha ikawa kimya kirefu. Mwaka 2012 kijana wa miaka 19, Palmer Luckey, aliomba watu mtandaoni wamchangie dola 250,000 atengeneze miwani yake ya Oculus, wakamchangia zaidi ya milioni mbili. Mwaka 2014 Facebook wakainunua kampuni yake kwa dola bilioni mbili. Oktoba 2016 Sony wakatoa PlayStation VR kwa ajili ya hii hii PlayStation 4, dola 400 bila kamera yake. Hadi mwisho wa mwaka 2019 walikuwa wameuza milioni tano. Halafu mwaka 2023 ikaja hiyo VR2, na gemu za miwani ya kwanza hazichezeki humo. Waliokuwa nazo waanze upya!

Hapo ndipo nilipopata somo la kumweleza kijana. Nikamwambia, mwanangu, hivi vidude vinakufa haraka. Kila kimoja kilikuja na maneno matamu, na aliyelipa bei ya siku ya kwanza ndiye aliyelia zaidi. Kitu cha kutazama si ukali wa picha peke yake. Kwanza tazama una mashine gani tayari. Pili tazama umri, maana Sony wenyewe wanasema asivae mtoto wa chini ya miaka 12, na mdogo wako ana 8. Tatu, na hili kwangu ndilo kubwa, tazama asiyevaa atafanya nini.

Alinuna siku tatu. Sitawadanganya kwamba alinielewa. Wenzake shuleni wanazungumzia hiyo mpya, na mimi namletea hadithi za mwaka 1838!

Tulichofanya ni hiki. Tulitafuta PlayStation VR ya kwanza, iliyotumika, pamoja na kamera yake, tukapata kwa dola 120 za Kanada. Ni kama laki mbili na ushei. Ina kisanduku chake kinachorusha picha kwenye televisheni, kwa hiyo tuliokaa kwenye kochi tunaona anachokiona. Nyaya zake nyingi kama nywele za mkeka uliochakaa, lakini inafanya kazi.

Na kuna gemu moja iliyotengenezwa Ottawa, humu humu Kanada, inaitwa Keep Talking and Nobody Explodes. Aliyevaa miwani anaona bomu mbele yake na saa inarudi nyuma. Hajui kulitegua. Wenzake hawaruhusiwi kuliona bomu, ila wao ndio wenye kitabu cha maelekezo. Kwa hiyo gemu hii televisheni tunaigeuzia ukutani. Yeye anapiga kelele, "nyaya tano, ya mwisho nyeusi!" na sisi tunapekua kurasa. Kitabu kinapatikana bure, nilikichapisha pale maktaba ya mtaa wetu. Binti yangu wa miaka 8 ndiye msomaji mkuu, mama yao anatafsiri kwa Kiswahili cha haraka haraka, mimi kazi yangu kuvurugwa. Tumelipuka mara nyingi sana. Ijumaa iliyopita tulitegua la kwanza, na kijana akavua miwani anacheka, jasho limemjaa puani. Habari ya kununa ikaishia hapo.

Sasa Shangazi, jibu lako hili hapa. Milioni haijatoka. Pesa za bati nimezituma Jumatatu kwa simu ya kaka, mwulize, na zilizobaki za fundi nazituma mwisho wa mwezi. Ilikuwa haki yako kuuliza, na kusema kweli kabla hujauliza nilikuwa naelekea kukubali ile ya bei kubwa, kwa kuwa mtoto kaomba na mimi nakuwa kazini muda mwingi.

Na wadau wengine, nina ombi. Kile kitabu cha bomu nitawatumia kwenye WhatsApp. Ijumaa ijayo, huko kwenu itakuwa Jumamosi alfajiri, baada ya swala, anayeweza akifungue. Kijana atavaa miwani huku St. James Town, nanyi mtamwelekeza kwa simu kutoka Ngamiani. Msipojibu haraka tutalipuka wote.

Nawatakia wiki njema. Kaka, bati zikishafika nipigie picha.