Mkenya Aliyekaa Mbele ya Phiona

Wengi wetu tulimjua Phiona Mutesi kupitia Lupita. Mwaka wa 2016 tukaenda kuona Queen of Katwe, tukalia, tukajivunia dada yetu aliyecheza kama mama ya Phiona. Lakini wasee, kuna kitu tulikipita hivi hivi. Mashindano ya kwanza ya Phiona nje ya Uganda, mchezo wa kwanza kabisa, aliyekuwa upande wa pili wa ubao alikuwa msichana Mkenya.

Ni Agosti 2009, mjini Juba. Sudan Kusini haijakuwa nchi bado. Uganda imeleta watoto watatu wa Katwe: Phiona, Benjamin na Ivan. Ndege walikuwa hawajawahi kupanda. Huyo Mkenya naye alikuja na jina. Alisemwa kuwa kati ya wasichana wakali zaidi wa chesi Afrika.

Phiona alianza mikono ikitetemeka. Akacheza polepole, akamtenga malkia wa mpinzani, mwishowe mfalme akakosa pa kukimbilia. Ukicheza chesi unajua hiyo inauma aje. Malkia ndiye mwenye nguvu kuliko wote, lakini akishabaki peke yake, hata askari wadogo wanamfukuza kama kuku.

Watu huita huo mchezo muujiza, mtoto wa mtaa wa mabanda amewashangaza wakubwa. Mimi sikubali. Phiona aliingia kwa kochi Robert Katende mwaka wa 2005 akimfuata kakake, na njaa, kwa sababu kulikuwa na uji. Aliyemfundisha vipande vinavyotembea ni Gloria, katoto kadogo kumliko. Hiyo ni miaka kama minne ya kupigwa na kurudi tena. Muujiza gani huo?

Na Mkenya wetu hakuwa mzembe. Ashawahi kukukuta hii, shule nzima inakwambia "hiyo ni yako" kabla hujakaa? Basi yeye alibebeshwa bara zima.

Uganda walichukua kombe bila yeyote kati ya hao watatu kushindwa. Mwaka uliofuata Phiona akafika Olimpiadi ya chesi kule Khanty-Mansiysk, Urusi. Kikaja kitabu, ikaja sinema. Upande ule mwingine wa ubao haukupata sinema. Mimi ningelipa tiketi kumsikia huyo dada akisimulia: ni wakati gani alijua malkia wake harudi?